Waya wa Bluu

Siku niliyoitwa shuleni, taa ndizo zilizonipokea. Sijasalimiwa na mtu, sijaonyeshwa kiti, nikazikuta zinanikodolea macho kutoka kona ya chumba cha kompyuta: taa ndogo za kijani, moja juu ya kila tundu, zote zikipepesa kwa mpigo mmoja kama askari wapya wanaofunzwa kwata. Kompyuta zenyewe zilikuwa zimeganda. Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu shuleni hapo, alisimama kando ya kabati la chuma akiwa amekumbatia daftari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Toka saa ngapi?"

"Toka saa mbili asubuhi. Lakini mjomba, swichi inafanya kazi sana leo, mbona hakuna kinachofunguka?"

"Haifanyi kazi," nikamwambia. "Inapiga kelele."

Tuelewane kwanza, vijana, kuhusu hicho kisanduku. Swichi ninayoisema si ile ya ukutani unayoibonyeza taa ikawaka. Ni boksi la chuma, bapa kama kitabu kinene kilicholazwa, lenye matundu usoni, kila tundu likimeza ncha ya waya mmoja. Ya chumba kile ilikuwa na matundu 24 ya kawaida na mawili ya kasi zaidi pembeni. Mafundi hatusemi tundu, tunasema poti, neno linalofanana na la Kiingereza la bandari, na sawa tu, kwa maana hapo ndipo mizigo inapoingilia na kutokea. Babu yake swichi aliitwa daraja, kwa kuwa alikuwa na poti mbili tu na kazi yake ilikuwa kuunganisha mitandao miwili kama daraja linavyounganisha ng'ambo mbili za mto. Mjukuu ameota milango mingi, lakini jina la ukoo halijafutika: ukifungua mipangilio yake utakuta mpaka leo anaitwa daraja, na matundu yake poti za daraja.

Ndani ya boksi mna orodha. Kila kompyuta inayochomekwa waya ina namba iliyozaliwa nayo kiwandani, tarakimu na herufi 12, na kila ujumbe unaotoka unabeba namba ya anayeutuma na namba ya anayepelekewa. Swichi inapowashwa haimjui mtu. Inasikiliza tu. Ujumbe ukiingilia poti ya 3, inatazama namba ya mtumaji na kuandika: huyu anakaa poti ya 3. Asiposikika tena kwa sekunde 300, anafutwa. Hivyo baada ya muda mfupi inamjua kila mkazi na mlango wake, na barua ya mtu inafikishwa mlangoni kwake bila jirani kusikia.

Shida iko kwa mgeni. Barua ikija ya mtu asiyeandikwa, swichi inaitoa kwenye milango yote isipokuwa ule ilikoingilia. Na kuna jumbe ambazo ni za watu wote tangu mwanzo, kama mbiu ya mgambo. Kompyuta inayouliza "jamani, nani mwenye anwani hii?" haina njia nyingine ila kupaza sauti mtaa mzima.

Nilipiga magoti, nikaanza kuzifuata nyaya kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaushika waya wa bluu, mfupi, urefu wa mkono. Ncha moja ilikuwa poti ya 7. Nikaufuata hadi ncha ya pili. Poti ya 19, ya swichi ileile.

Mwanafunzi aliyefagia asubuhi aliukuta unaning'inia, akauonea huruma, akautafutia pa kukaa. Msimcheke. Nimewahi kumkuta injinia mwenye vyeti vitatu ukutani amefanya hivyohivyo, tena kwa kujiamini.

Sasa fikiri kilichotokea. Kompyuta moja ilipaza sauti yake ya kawaida. Swichi ikaitoa milango yote, ikiwemo poti ya 7. Ikapita kwenye waya wa bluu, ikarudi kwa poti ya 19, na swichi ikaipokea kama habari mpya kabisa. Mbiu! Ikaitoa tena milango yote, ikiwemo ya 7. Nakala nyingine ilikuwa inazunguka upande wa pili, kutoka 19 kwenda 7, zikipishana njiani kama watoto wanaocheza kuzunguka nyumba. Kila mzunguko, kompyuta zote chumbani zinagongewa. Kila kompyuta nyingine ikiuliza swali lake, wakimbiaji wawili zaidi wanaingia mbioni. Waya wa megabiti 100 unaweza kubeba jumbe fupi zaidi ya 148,000 kwa sekunde moja, na waya ule wa bluu ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Orodha ya swichi nayo ikachanganyikiwa: mtu yuleyule anasikika mara poti ya 7, mara ya 19, mara ya 7.

Nilipoung'oa, taa zote zilitulia pamoja. Kisha zikaanza tena kupepesa ovyo, moja hapa, mbili kule, kila moja kwa wakati wake. Ukiziona zimevurugika hivyo, jua mambo ni mazuri.

"Lakini mjomba," akasema mpwa wangu, "ujumbe wenyewe hauchoki?"

Hilo ndilo swali. Jumbe za intaneti zinazosafiri kutoka nchi hadi nchi hubeba namba ya umri, na kila ruta, yaani kituo cha njiani, zinakopita inapunguza moja. Ikifika sifuri, ujumbe unatupwa. Zinazeeka, zinakufa, njia inabaki wazi. Ila ndani ya jengo, barua inasafiri imevaa bahasha ya Etheneti, na bahasha hiyo haina umri. Robert Metcalfe na David Boggs walipoibuni Etheneti kwenye maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, mwaka 1973, walikuwa na waya mmoja mnene ambao kila kompyuta iliutegea masikio. Kwenye waya mmoja hakuna pa kuzunguka. Nani angefikiria kuhesabu mizunguko?

Madaraja ndiyo yaliyoleta mizunguko, na hapo anaingia mama mmoja ninayempenda sana katika historia ya kazi yetu.

Radia Perlman alikuwa mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, jimboni Massachusetts, Marekani. Mwaka ulikuwa karibu na 1985. Wenzake walikuwa wanaunda daraja la kuunganisha nyaya za Etheneti, na meneja wake akaona mapema kile alichokiona yule mwanafunzi wa ufagio kwa kuchelewa: mtu atachomeka waya wa ziada na kila kitu kitazunguka. Akampa Radia kazi. Tafuta namna madaraja yenyewe yatakavyojipanga ili kusiwe na mzunguko, bila mtu kuyaelekeza. Na akaongeza sharti ambalo lilionekana haliwezekani: kumbukumbu inayotumika ndani ya kila daraja isikue hata mtandao ukikua vipi. Ilikuwa Ijumaa. Meneja akaenda likizo ya wiki moja, mahali asikopatikana kwa simu.

Usiku uleule Radia akaona jibu. Jumatatu na Jumanne akaandika maelezo yake yote. Jumatano ikamkuta kazi imekwisha na meneja hajarudi, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimekataa kufanya kitu kingine, siku zilizobaki akatunga shairi lenye vina kueleza mashine yake, akaliita "Algorhyme", akilifuata shairi maarufu la Kimarekani kuhusu miti. Likachapishwa mwanzoni mwa makala yake ya kitaalamu. Sisi wa Pwani, ambao babu zetu walitungia mashairi mpaka kesi za mashamba, tungemwelewa upesi kuliko wahandisi wenzake.

Jibu lenyewe ni mti. Mti una shina na matawi, na tawi halirudi kuingia kwenye shina. Kutoka jani moja hadi jani jingine njia ni moja tu. Basi madaraja yachague mmoja wao awe mzizi. Kila mwingine atafute njia yake fupi zaidi ya kumfikia mzizi. Na poti yoyote isiyo kwenye njia hizo ifungwe. Isikatwe, ifungwe tu, ikae macho. Siku tawi likivunjika, poti iliyofungwa inafunguka, na mti unaota upya. Mwaka 1990 utaratibu huo ukawa kanuni rasmi ya wahandisi, 802.1D, na mafundi dunia nzima tunauita kwa herufi tatu: STP.

Kwa hiyo swichi ya shule ile, yenye ulinzi huu tangu kiwandani, ilikuwaje izidiwe na waya wa mkono mmoja?

Nikachomeka kebo ya konsoli kwenye kompyuta yangu ndogo, nikamkalisha mpwa wangu mbele ya skrini, nikamwambia aandike: show spanning-tree. Swichi ikajibu kwa mstari mmoja tu, kwamba haina mti wowote. Tukaenda kwenye swichi ya chumba cha walimu. Hivyohivyo. Ya maktaba, kongwe kuliko zote, imefunikwa vumbi juu ya kabati la ramani. Hivyohivyo.

"STP aliizima fundi aliyekutangulia," akasema mwalimu wa TEHAMA. "Kompyuta zilikuwa zikiwashwa zinakosa anwani. Alipoizima, zikapata."

Siwezi hata kumlaumu sana. Poti ya STP ya zamani ukichomeka kitu haipitishi ujumbe papo hapo. Kwanza inasikiliza kwa sekunde 15, isije ikawa kuna daraja jingine upande wa pili. Kisha inajifunza kwa sekunde 15 nyingine, ikijaza orodha yake ya wakazi. Ndipo inapitisha. Sekunde 30 nzima, na kompyuta iliyowashwa inaomba anwani mara kadhaa, inakata tamaa, inanuna. Fundi akaona mlinzi anachelewesha wageni, akamfukuza mlinzi. Dawa ilikuwepo na ni amri moja: unaiambia poti kwamba wewe uko ukingoni, upande wa pili kuna kompyuta tu, fungua mara moja.

Mwalimu akatuonyesha na kitu kingine. Nyuma ya mlango wa maktaba palikuwa na waya uliokunjwa, umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ulitoka chumba cha walimu. Uliletwa uwe njia ya pili, kwa sababu panya waliwahi kuutafuna ule wa kutoka chumba cha kompyuta na maktaba ikakaa wiki mbili bila mtandao. Lakini kila walipouchomeka, shule nzima ilizimika. Wakaufunga, wakauacha.

"Huu leo tutauchomeka," nikasema. Mwalimu akanitazama kama mtu aliyesikia nataka kuwasha moto jikoni kwa petroli.

Tukawasha STP kwenye swichi zote tatu. Kisha nikamrudishia mpwa wangu waya wa bluu. "Poti ya 7 na 19. Kama alivyofanya mwenzio."

Alisita. Akachomeka. Taa ya 7 ikawa kijani baada ya muda, ya 19 ikabaki rangi ya chungwa. Kompyuta zikaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Akaandika amri yake tena, na safari hii skrini ikajaa. Kati ya mistari mingi mmoja ulisomeka hivi:

Fa0/19 Back BLK 19 128.19 P2p

"Tusome," nikasema. "Kama unavyosoma kitambulisho."

Neno la kwanza ni jina la poti. La pili ni wadhifa wake: Back, yaani poti ya akiba, kwa kuwa swichi imesikia sauti yake yenyewe ikiingilia hapo. La tatu ni hali yake: BLK, imefungwa. 19 inayofuata ni gharama ya njia, ambayo ni ya waya wa megabiti 100, na ni kwa bahati tu kwamba inalingana na namba ya poti. Ya gigabiti moja gharama yake ni 4, ya megabiti 10 ni 100. Njia ya kasi ni rahisi, ya polepole ni ghali. 128 ni kipaumbele cha poti, cha kuamulia zikilingana, na namba baada ya nukta ni poti yenyewe. P2p inasema waya huu unaunganisha pande mbili tu.

"Swichi imejuaje kwamba inajisikia yenyewe?"

Kwa salamu. Kila sekunde 2, kila daraja linatoa salamu kwenye poti zake, nayo ni fupi: ninavyojua mimi, mzizi ni fulani, mimi niko mbali naye kiasi hiki, jina langu ni hili, ninaongea kupitia poti hii. Mafundi tunaziita BPDU. Daraja haliipitishi salamu ya jirani kama ilivyo. Linaipokea, linapima, kisha linatoa yake. Ni kama mtaani kwetu: jirani asipokusalimia asubuhi moja unasema labda amechelewa, siku zikipita unakwenda kubisha hodi. Daraja lisiposikia salamu kwa sekunde 20 linachukulia kwamba njia ile imekufa na linatafuta nyingine. Na ndiyo maana sharti la yule meneja lilitimia: kila daraja linakumbuka salamu bora iliyosikika kwenye kila poti, basi, hata mtandao uwe wa swichi nane au mia.

Tukang'oa waya wa bluu, mpwa wangu akautia mfukoni. Tukaenda maktaba, tukafungua ule mpira wa baiskeli, tukachomeka njia ya pili. Mwalimu akashika kichwa. Taa zikapita rangi ya chungwa, zikawa kijani, na mtandao ukasimama imara. Akacheka, akatoka kwenda kumwita mkuu wa shule.

Hapo ndipo nilipotaka kufunga begi. Mpwa wangu alikuwa bado anasoma skrini, akihama na kompyuta kutoka swichi moja hadi nyingine, akinakili mistari daftarini. Akaniita chumba cha walimu.

"Mjomba, ile njia ya kasi, ya gigabiti, kutoka hapa kwenda chumba cha kompyuta. Mbona imefungwa?"

Nikatazama. Gi0/1 Altn BLK 4 128.25 P2p. Altn ni poti mbadala: kuna njia nyingine bora ya kwenda kwa mzizi, hii inakaa akiba. Njia ya gharama 4, iliyo bora kuliko zote shuleni, imelazwa usingizi, na walimu wote wanapita kwa waya mwembamba wa maktaba.

"Mzizi ni nani?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuhisi.

Alikwenda, akarudi amezuia kicheko. Mzizi ni swichi ya maktaba. Ile kongwe, yenye vumbi, juu ya kabati la ramani.

Uchaguzi wa madaraja hauna kampeni. Kila moja lina kipaumbele, na kutoka kiwandani yote yana namba moja, 32768. Mwenye namba ndogo anashinda. Zikilingana, inatazamwa ile namba ya kuzaliwa yenye herufi na tarakimu 12, na hapo pia ndogo ndiyo inayoshinda. Sasa viwanda hugawa namba hizo kwa kupanda, kwa hiyo mara nyingi ndogo kuliko zote iko kwenye mashine nzee kuliko zote. Usipoamua wewe, swichi yako dhaifu inaamka asubuhi ni chifu, na barabara zote zinapindishwa zipite uani kwake. Maktaba ilikuwa mzizi. Chumba cha walimu kilimfikia kwa gharama 19, chumba cha kompyuta kwa 19. Na ile barabara ya lami kati yao wawili ikawa ya ziada, ikafungwa. Kila poti ilikuwa imetii kanuni bila kosa. Mwenye kosa alikuwa mimi, niliyechomeka waya kabla ya kuuliza nani ni mzizi.

"Na hapa mjomba, ulisema 32768. Mimi naona 32769."

Ana macho, mtoto yule. Swichi za Cisco, kama zile za shuleni, hujumlisha kipaumbele na namba ya mtaa wa mtandao, VLAN, na shule ile ilikuwa na mtaa mmoja tu, namba 1.

Ukitaka kubadilisha kipaumbele huwezi kuweka namba yoyote unayoipenda. Zinakwenda kwa hatua za 4096. Tukaipa swichi ya chumba cha kompyuta 4096 yenyewe. Taa kadhaa zikageuka chungwa, tukangoja, zikarudi kijani. Akasoma upya swichi ya walimu: Gi0/1 Root FWD 4. Poti ya mzizi, inapitisha, gharama 4. Na kule maktaba, poti ya kwenda chumba cha kompyuta ikawa Root FWD 19, na ile ya waya wa mpira wa baiskeli ikawa Altn BLK 19. Kwa njia ya walimu maktaba ingefika kwa mzizi kwa 23. Kwa njia yake yenyewe ni 19. Hesabu ya darasa la pili, na mashine hazijui zaidi ya hiyo.

Kwa poti zote za kompyuta tukaweka ule mpangilio wa ukingoni, na juu yake mlinzi mmoja zaidi: poti ya ukingoni ikisikia salamu ya daraja, ijizime kabisa mpaka fundi aje. Mpwa wangu alijaribu na waya wake wa mfukoni. Zamu hii hakukuwa na kungoja. Poti ilijizima papo hapo, na ilibidi tuiwashe kwa amri.

Kama kwenu hakuna swichi ya Cisco, usikate tamaa. Kwenye kifaa cha MikroTik andika /interface bridge port monitor pamoja na namba ya poti. Kitakuonyesha wadhifa wake, kama inajifunza, na kama inapitisha. Kompyuta ya Linux yenye daraja ndani yake inajibu ukiandika bridge link: mstari mmoja kwa kila poti, na kati ya mengine utaona hali, kipaumbele na gharama. Majina yanatofautiana kidogo, kisa ni kilekile. Kusoma hakuvunji kitu. Soma mara nyingi unavyotaka.

Mkuu wa shule alikuja akauliza swali la wakuu wote: je, sasa haitatokea tena? Nikamwambia kisa cha Boston. Novemba 2002, mtandao wa hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess ulianguka, na kwa siku nne hivi madaktari wakarudi kwenye karatasi, watu wakibeba vipimo kwa miguu kutoka wodi hadi wodi. STP ilikuwepo na ilikuwa imewashwa. Lakini mtandao wao ulikuwa umeongezwa kipande kwa kipande, miaka na miaka, mpaka mti ukarefuka kupita kipimo. Ushauri ni kwamba kati ya pembe mbili za mtandao kusiwe na madaraja zaidi ya saba. Ulipozidiwa, salamu zikachelewa, na madaraja yakafungua yasichopaswa kufungua. John Halamka, aliyekuwa mkuu wa mifumo yao, hakuficha chochote. Alisimulia hadharani ili wengine wajue. Mkuu alisikiliza, akauliza shule yake ina madaraja mangapi. Matatu. Akashukuru, akaagiza tuletewe chai.

Jua lilipoanza kushuka na wanafunzi wamekwenda michezoni, mpwa wangu akadai jambo moja. Alitaka kuona ile poti iliyolala ikiamka.

Akabaki maktaba mbele ya kompyuta iliyokuwa ikiiita ile ya chumba cha kompyuta kila sekunde, mstari mmoja kwa kila jibu. Mimi nikasimama kwenye kabati la chuma, simu sikioni, vidole kwenye waya unaokwenda maktaba.

"Tayari mjomba."

Nikachomoa.

"Imekatika. Moja. Mbili. Tatu..." Alihesabu kwa sauti ya mtoto anayecheza kombolela. Kwenye kumi na tano akasema poti imeandikwa LRN, inajifunza. Ishirini. Ishirini na tano. Nikasikia mwalimu wa TEHAMA akihesabu pamoja naye. "Thelathini. Thelathini na... imerudi! Mjomba imerudi, inapitia kwa walimu!"

Nikarudisha waya, tukangoja mti utulie. Kisha nikamwambia aandike amri moja kwenye kila swichi, ya kuhama kutoka STP ya kale kwenda mdogo wake, RSTP, aliyetoka mwaka 2001. Huyu hangoji saa ya ukutani. Poti mbadala inajua tangu mwanzo kwamba ndiyo mrithi, na mwenye kiti akianguka inakaa papo hapo.

"Tayari?"

"Tayari."

Nikachomoa.

"Mo—" akasema, kisha kimya, kisha, "Mjomba, umechomoa kweli?"